Machela Angani: Ndege za Usafirishaji za Jeshi Letu na Mgonjwa wa Kanda ya Ziwa

Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha safari ya kila wiki kutoka London kuja Afrika. Njia ilipita Misri na Sudan, ikafuata Mto Nile, na mwisho wake, kabla ya kurefushwa hadi Cape Town mwaka uliofuata, ulikuwa Mwanza. Ndege hizo zilileta barua. Hazikuleta dawa wala kuchukua wagonjwa, na mkazi wa kawaida wa mji huu alizitazama kutoka ufukweni kama alivyotazama meli za wenyewe. Hata hivyo ni vyema msomaji afahamu kwamba usafiri wa anga si mgeni wa juzi katika ziwa hili. Mwanza ilikuwa mwisho wa njia ya ndege ya kimataifa miaka 40 kamili kabla ya Hospitali ya Bugando kufunguliwa juu ya kilima chake mwaka 1971.

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa Mabatini, katika mojawapo ya mikutano ya elimu ya afya. Mzee mmoja, askari mstaafu, alitaka kujua kwa nini madaktari wa siku hizi wanasitasita kumpandisha mgonjwa kwenye ndege, ilhali enzi zao jeshini majeruhi alipakiwa kama gunia na akafika. Nilimjibu kwa kifupi, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu walikuwa wakisubiri kupimwa shinikizo la damu. Swali lenyewe lilistahili jibu refu zaidi, na jibu hilo haliwezi kutolewa bila kusimulia habari za ndege zenyewe na jinsi zilivyofika nchini.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliundwa tarehe 1 Septemba 1964, miezi michache baada ya maasi ya Januari ya mwaka huo kulivunja jeshi lililorithiwa kutoka kwa wakoloni. Taifa jipya lilihitaji ndege kwa sababu iliyo wazi kwa yeyote aliyewahi kusafiri kutoka Mtwara hadi Bukoba wakati wa masika. Barabara zilikuwa chache na nchi ni pana. Ujerumani Magharibi ndiyo iliyokubali kwanza kusaidia kuunda kikosi cha anga. Msaada huo haukudumu. Baada ya Muungano na Zanzibar, Ujerumani Mashariki iliruhusiwa kuwa na ofisi ya ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Bonn, iliyokuwa haitaki taifa lolote liitambue serikali ile nyingine, iliondoa wakufunzi wake wa anga mapema mwaka 1965. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliwaambia waondoe na misaada mingine iliyosalia.

Kanada ndiyo iliyoziba pengo hilo. Kuanzia mwaka 1965 hadi 1970 wakufunzi wa jeshi la Kanada walifanya kazi nchini, na vijana wa Kitanzania wakapelekwa kwao kujifunza urubani na ufundi. Jambo linalomgusa mtu wa tiba ni aina ya kikosi walichokijenga. Hakikuwa kikosi cha mabomu. Kilikuwa kikosi cha kubeba: watu, chakula, vipuri, barua na machela. Mtaa wa Airwing kule Ukonga, Dar es Salaam, ambao wapanda daladala huutaja kila siku bila kufikiri, bado umebeba jina la enzi hizo.

Ndege zenyewe zilitoka katika kiwanda cha de Havilland cha Kanada, na kiwanda hicho kilikuwa na desturi ya kuzipa majina ya wanyama. Otter ni fisi maji, mnyama ambaye wavuvi wetu wanamfahamu kwa uharibifu wa nyavu. Ilikuwa na injini moja, na ilitua pasipotarajiwa. Caribou ni mnyama wa nchi za baridi, wa jamii ya kulungu. Ndege yenye jina hilo ilikuwa na injini mbili za pistoni na mkia ulionyanyuka juu, ili mlango mpana wa nyuma uteremke hadi chini kama daraja. Baadaye ikaja Buffalo, yaani nyati, yenye injini za tabo na nguvu zaidi. Kwa kipimo cha watengenezaji, Caribou ilibeba askari 32, au wagonjwa 22 waliolala kwenye machela. Buffalo ilibeba askari 41, au machela 24 pamoja na wahudumu.

Tafadhali msomaji aitazame tena tarakimu hiyo ya 22. Machela zilipangwa kwa ghorofa, moja juu ya nyingine, zikining'inia kwenye mikanda na vyuma pembeni mwa bodi. Muuguzi aliyesimama kati yake aliweza kumfikia mgonjwa wa katikati bila shida. Kumpima mgonjwa wa juu kulihitaji urefu, na kumwona wa chini kulihitaji kupiga magoti juu ya sakafu ya chuma inayotetemeka. Stethoskopu haikuwa na kazi, kwa sababu injini mbili za pistoni zilizimeza sauti zote za moyo na mapafu. Mhudumu alitegemea macho yake, vidole vyake juu ya mshipa wa mkono, na rangi ya ulimi wa mgonjwa. Mwanga wenyewe ulikuwa hafifu. Mimi ninayefanya kazi katika chumba cha wagonjwa mahututi, nikizungukwa na mashine zinazolia kila oksijeni inaposhuka, nawaheshimu sana waliofanya kazi hiyo kwa vidole.

Kuna jambo jingine ambalo abiria wa leo hawezi kulihisi. Ndege hizo hazikuwa na kanieneo iliyodhibitiwa ndani yake. Katika ndege ya abiria ya kisasa, hata ikiruka mita 11,000, hewa ya ndani huwekwa iwe kama ya mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Katika Caribou, kama rubani amepanda mita 3,000, basi mgonjwa naye yuko mita 3,000, na baridi ya huko iko pamoja naye.

Nianze na oksijeni. Mwanza tayari iko juu: uwanja wetu wa ndege uko takriban mita 1,147 kutoka usawa wa bahari. Pumzi moja ya mkazi wa Mabatini huingiza oksijeni pungufu kwa kama asilimia 13 ikilinganishwa na pumzi ya mkazi wa Magomeni. Mtu mzima mwenye afya hatambui. Akifikishwa mita 3,000 upungufu huo hufikia karibu theluthi moja ya kile ambacho angevuta pwani. Mwenye afya atahema kidogo na pengine kuumwa kichwa. Aliyepoteza damu nyingi, mwenye nimonia, au mtoto mwenye selimundu hana akiba hiyo. Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya nchi yenye wagonjwa wengi wa selimundu, na chembe zao nyekundu hujikunja na kuziba mishipa midogo hasa pale oksijeni inapopungua. Baridi na ukosefu wa maji mwilini huongeza hatari hiyo, na ndani ya ndege isiyo na kanieneo yote matatu hukutana.

Jambo la pili ni hewa iliyonaswa mwilini. Kadiri kanieneo ya nje inavyopungua, ndivyo hewa iliyofungiwa mahali inavyotanuka. Hewa ya ujazo wa mililita 100 iliyonaswa kifuani mwa mgonjwa hapa Mwanza hufikia karibu mililita 128 akiwa mita 3,000. Aliyetokea Dar es Salaam kwa ujazo uleule atafikia karibu 150. Tarakimu hizo ni za hesabu ya kawaida ya fizikia, ile ya Boyle tuliyoikariri kidato cha pili na kuisahau. Hewa hiyo ikiwa tumboni, mgonjwa atajamba, na hilo si la kuonea aibu. Ikiwa kati ya pafu na ukuta wa kifua, pafu hubanwa. Ikiwa ndani ya fuvu lililovunjika, au ndani ya jicho lililofanyiwa upasuaji wa retina na kujazwa gesi, madhara yake huweza kuwa ya kudumu.

Mzee aliyeniuliza swali aliniambia kwamba zamani aliwahi kuvushwa kutoka magharibi ya ziwa hadi Mwanza kwa ndege ya jeshi, akiwa na homa na mafua makali. Aina ya ndege hakuijua. Alikumbuka "mdomo wa nyuma" na makelele. Ndege ilipoanza kuteremka, sikio lake la kushoto lilimuuma kana kwamba limechomwa na msumari, kisha maji yenye damu yakatoka. Tangu siku hiyo haisikii vizuri saa ya ukutani upande huo. Maelezo yake yanalingana kabisa na kupasuka kwa kiwambo cha sikio: mafua huziba njia nyembamba inayounganisha sikio la kati na koo, na hewa ya nje inaporudi kuwa nzito wakati wa kushuka, kiwambo hunyonywa ndani hadi kikachanika. Yeye alikuwa ameamini kwa miongo kadhaa kwamba ni malaria iliyopanda sikioni. Hakuna aliyewahi kumweleza.

Turudi kwenye historia. Wakanada waliondoka mwaka 1970 na China ikachukua nafasi ya mkufunzi mkuu. Ndege za kivita zikaja, na uwanja wa Mwanza ukawa kituo muhimu cha anga cha kaskazini magharibi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likavunjwa. Wengi wetu hudhani vita vile vilibebwa na ndege. Sivyo. Vilibebwa na malori, mabasi yaliyochukuliwa kutoka kwa wenyewe, na miguu ya askari. Hesabu ni nyepesi: kuhamisha kikosi kimoja cha askari 700 kwa Caribou kungehitaji safari 22, bila kuhesabu silaha na chakula chao. Ndege za usafirishaji zilikuwa mali adimu, na mali adimu hutumiwa kwa kile kisichoweza kusubiri. Majeruhi ni mmojawapo wa visivyosubiri.

Kwa ndege yenye mwendo wa kama kilomita 290 kwa saa, Bukoba hadi Mwanza, mstari wa takriban kilomita 174 juu ya maji, ni dakika 36. Mwanza hadi Dar es Salaam ni karibu saa tatu. Kwa gari la enzi hizo safari ya kwanza ilikuwa siku nzima au zaidi kuzunguka ziwa, na ya pili ilihesabiwa kwa siku. Mtu aliyepigwa risasi ya paja na anayevuja damu taratibu anaelewa tofauti hiyo kuliko mwandishi yeyote.

Vita vile vilifika hata kwetu mjini kwa njia ya anga. Machi 1979, baada ya Gaddafi kumpa Mwalimu sharti la kuondoa majeshi yake Uganda na Mwalimu kulikataa, ndege ya Libya aina ya Tupolev Tu-22 ilitumwa kuja kulipua hifadhi ya mafuta ya Mwanza. Iliyakosa mafuta. Makombora yaliangukia kisiwa cha Saanane, kilichokuwa na bustani ya wanyama, yakaua swala na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Watu wa Mwanza wamekuwa wakiwasikitikia swala hao kwa utani tangu hapo, lakini Saanane iko jirani kabisa na katikati ya mji, na kosa la kilomita chache tu upande mwingine lingeijaza Bugando kwa saa moja. Wiki chache baadaye, Aprili 7, Entebbe ilianguka, na ndege ya usafirishaji ya Libya aina ya C-130 iliyojaribu kuruka kutoka uwanjani hapo ilipigwa kwa kombora la mkononi. Ndege ya kubeba haina silaha wala wepesi. Inapokuwa chini, ikisubiri machela ya mwisho ipande, ndipo inapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote.

Kazi ya aina hiyo haijaisha. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wa Tanzania huko Semuliki, mashariki mwa Kongo, ilishambuliwa kwa saa nyingi. Askari wetu wasiopungua 14 waliuawa, na majeruhi wengi waliondolewa kwa ndege za Umoja wa Mataifa. Wapo walionusurika kwa sababu ndege zilifika. Naandika hili kwa kuwa katika mitaa yetu kuna familia zinazoishi na vijana hao, na wanapokuja kliniki wakilalamika kwamba sikio linavuma au kifua kinabana, ni haki yao kuulizwa walisafirishwaje.

Sasa nije kwa mgonjwa asiye askari, kwa kuwa huyo ndiye ninayemwona mara nyingi zaidi. Kijana mmoja, mwana wa familia ya Mabatini, alikuwa akinunua dagaa upande wa Kagera. Alianguka na pikipiki, akavunjika mbavu tatu na mfupa wa paja. Ndugu zake walichanga. Shangazi yake aliuza cherehani mbili. Wakakodi ndege ndogo imlete Mwanza jioni hiyohiyo kabla ya giza. Nilipigiwa simu na tabibu aliyekuwa naye, nikamwomba jambo moja tu: picha ya kifua kabla ya uwanja wa ndege. Picha ilionyesha hewa kidogo kati ya pafu la kulia na ukuta wa kifua. Ilikuwa kidogo sana, kiasi kwamba kijana mwenyewe alikuwa akizungumza na kuomba maji.

Shangazi alinipigia mwenyewe. "Daktari, rubani anasema akichelewa nusu saa haruki. Na pesa tumeshatoa. Wewe unamzuia mtoto wa watu kwa hewa?" Nilimwambia, "Mama, hewa hiyohiyo ndiyo itakayomuua akiwa juu." Hakuridhika, na sidhani kama ningeridhika ningekuwa mimi. Tabibu aliweka mrija kifuani usiku ule, hewa ikatoka, na asubuhi kijana akavushwa. Mrija wake ulifungwa kwenye vali inayoruhusu hewa kutoka bila kurudi, na rubani alikubali kuruka chini chini juu ya ziwa. Familia ililipia uwanja na usiku wa ziada wa rubani. Gharama hiyo ni ya kweli, na sioni busara kumficha msomaji kwamba uamuzi sahihi wa kitabibu huweza kumalizia akiba ya nyumba.

Kwa wahudumu wenzangu wa vituo vya visiwani na ng'ambo ya ziwa, haya ndiyo ninayowaomba wayatazame kabla hawajasaini fomu ya rufaa kwa ndege. Mwenye jeraha la kifua apigwe picha, na hewa ikionekana awekewe mrija kwanza. Mrija huo usibanwe kwa koleo njiani hata kama chupa inasumbua, kwa sababu kuubana ni kuirudisha hatari ileile. Puto dogo la mrija wa kupumulia hutanuka angani na kuumiza koromeo, kwa hiyo lipimwe wakati wa kupanda na kushuka, au lijazwe maji ya chumvi badala ya hewa. Dripu ya mfuko wa plastiki ni bora kuliko ya chupa, ambayo hewa yake hutanuka na kuiharakisha. Plasta ngumu mpya, lile "hogo" la wagonjwa wetu, ipasuliwe kwa urefu, kwa kuwa mguu uliovunjika huvimba na hauna pa kwenda. Tumbo lililojaa liwekewe mrija wa pua.

Himoglobini ikiwa chini ya gramu 7.5 kwa desilita, mgonjwa ajadiliwe na mtaalamu kabla ya kuruka, na mara nyingi aongezewe damu. Mwenye selimundu asafiri akiwa na oksijeni, maji ya kutosha na blanketi zito, hata kama Mwanza kuna joto.

Kwa mgonjwa anayesafiri mwenyewe kwa ndege ya abiria, ushauri ni mwepesi zaidi. Aliyefanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo angoje siku 10 hivi na aulize daktari wake. Aliyepata hewa kifuani angoje wiki moja hadi mbili baada ya picha kuonyesha pafu limekaa sawa. Aliyewekewa gesi jichoni asipande kabisa hadi daktari wa macho athibitishe kwamba imekwisha. Mwenye mafua makali aahirishe akiweza. Asipoweza, asilale usingizi wakati ndege inashuka, ameze mate au atafune kitu, na mtoto mchanga anyonyeshwe.

Mara nyingine jibu ni kutopanda ndege. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa mwaka 2025, na gari la wagonjwa kutoka Sengerema halisubiri tena kivuko usiku. Kwa mgonjwa mwenye fuvu lililovunjika na hewa ndani yake, saa chache za lami kwa mwendo wa wastani, akiwa na oksijeni na muuguzi, huweza kuwa salama kuliko nusu saa angani. Ndege ina sifa zake na gari lina zake, na anayeamua anapaswa kujua kwanza mgonjwa ana nini, kisha ndege ni ya aina gani: ina kanieneo au haina, itapanda mita ngapi, nani atakaa naye nyuma. Rubani anayajua majibu haya yote. Kwa kawaida hakuna anayemuuliza.

Mzee wa Mabatini alikuja kliniki wiki mbili baadaye, nikampeleka kwa mwenzangu wa masikio. Kiwambo kina tundu la zamani, kingo zake zimekauka, halina usaha. Amekatazwa kuingiza maji sikioni na amepewa tarehe ya kupimwa usikivu.